Lamborghini: Mtoto wa mkulima aliyelipia magari kwa fedha za trekta

JINA Lamborghini halihitaji kutambulishwa kwa vijana wa Mbinga, Songea au Mbamba Bay. Wanalifahamu kupitia video za muziki na michezo ya kompyuta: gari lililolala chini, lenye milango inayofunguka kwenda juu na bei inayoweza kununua mashamba ya kijiji kizima. Wachache wanafahamu kuwa kabla ya gari hilo kulikuwa na trekta. Mwenye jina alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa zabibu, akaingia mbio moja kubwa ya magari na kuishia kwenye ukuta wa mgahawa, akatajirika kwa kuwauzia wakulima wenzake mashine, na mwisho akarudi kuwa mkulima kando ya ziwa.

Mtu huyo ni Ferruccio Lamborghini wa Italia, aliyefariki dunia Februari 20, 1993 akiwa na umri wa miaka 76.

Kwa mkulima wa kahawa wa Umatengo, au wa mpunga na mihogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa, habari za gari la anasa la Ulaya zinaweza kuonekana hazimhusu. Lakini fedha iliyojenga gari hilo ilitoka mifukoni mwa wakulima wa kawaida waliokuwa wakitafuta mashine ya bei nafuu. Na fedha hiyo ilipopungua, kwa sehemu kubwa kwa sababu wanunuzi wachache wa nje walibadili mawazo, mzee huyo alilazimika kuuza karibu kila alichokijenga kwa miaka 25.

Ferruccio alizaliwa Aprili 28, 1916 katika kijiji cha Renazzo, eneo la Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Antonio na Evelina, walilima zabibu. Nchi hiyo iko katika bonde la mto Po, tambarare kama sakafu, kinyume kabisa na milima ya Umatengo. Huku kwetu Wamatengo kwa zaidi ya karne moja wamelima kwa ngoro: nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufunikia nyasi hizo, na mashimo yanayobaki yanakamata maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Kwenye miteremko ya namna hiyo jembe la mkono bado linatawala, na trekta la kawaida likipelekwa huko linaweza kubinuka kabla halijamaliza robo eka. Mabonde ya mwambaoni, kama yale ya mto Ruhuhu upande wa Lituhi, ndiyo yanayokaribia kufanana na kwao Ferruccio. Hili si jambo dogo, maana trekta alilokuja kulitengeneza lilitokana na ardhi ya kwao na mfuko wa watu wa kwao.

Kijana huyo hakupenda jembe. Alipenda mashine zilizokuwa zikifanya kazi ya jembe, na alitumia muda mwingi kwenye karakana kuliko shambani. Wazazi hawakumzuia. Alisoma ufundi katika chuo cha Fratelli Taddia, kisha akapata kazi mjini Bologna kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza magari ya jeshi. Huko ndiko alikojifunza kufungua injini na kuirudisha ikiwa nzima, jambo ambalo fundi yeyote wa gereji atakiri kuwa nusu yake ya pili ndiyo ngumu.

Mwaka 1940 Italia iliingia vitani na Ferruccio akaitwa jeshini, katika kikosi cha anga. Hakupewa ndege. Alipelekwa kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati huo kilikuwa mikononi mwa Italia, na kukabidhiwa matunzo ya magari ya kambi.

Msomaji aliyewahi kuharibikiwa na gari mbali na mji ataelewa maana ya kazi hiyo. Kisiwani kila kipuri kilikuja kwa meli, na vita vilipopamba moto meli zikawa hazifiki. Gari likiharibika hapakuwa na cha kuagiza. Ilibidi fundi achukue chuma cha gari moja akifanye kifae kwenye gari lingine, la kampuni nyingine, hata la nchi nyingine. Mwaka 1943 Italia ilisalimu amri na Wajerumani wakakishika kisiwa. Mwaka 1945 Waingereza wakakichukua, na fundi huyo akawa mateka wao. Alirudi nyumbani mwaka 1946. Kwa miaka sita alikuwa amehudumia magari ya majeshi mbalimbali bila duka la spea, na shule hiyo ndiyo iliyomlisha baadaye.

Alifungua gereji ndogo katika mji wa Pieve di Cento. Alioa, lakini mke wake, Clelia Monti, alifariki mwaka 1947 wakati wa kujifungua mtoto wao wa kiume, Antonio, ambaye wote walimwita Tonino. Ferruccio alibaki na mtoto mchanga, gereji changa na nchi iliyokuwa imebomoka.

TREKTA LA MABAKI YA VITA

Hali ya mkulima wa Italia baada ya vita ilikuwa hivi. Chakula kilitakiwa kwa wingi, ng'ombe wa kukokota majembe walikuwa wamepungua, na vijana wengi walikuwa wamekufa au hawataki tena kurudi shambani. Matrekta yalikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya wenye mashamba makubwa. Wakati huohuo nchi ilikuwa imejaa malori, injini na vyuma vilivyoachwa na majeshi, na serikali ilikuwa ikiviuza kwa bei ya kutupa ili kusafisha njia.

Wengi waliona vyuma chakavu. Ferruccio aliona trekta. Alichukua injini za malori ya Morris ya Uingereza, akaziunganisha na giaboksi na ekseli za magari mengine ya kijeshi, na kuunda mashine ambayo kila kipande chake kilikuwa na historia ya vita.

Tatizo lilikuwa mafuta. Injini za Morris zilitumia petroli, na petroli ilikuwa ghali kiasi kwamba mkulima angelima mwezi mmoja na kuuza trekta mwezi wa pili. Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Alibuni kifaa cha kutawanya mafuta mazito kuwa mvuke kabla ya kuingia kwenye injini, na akakipatia hataza. Trekta liliwashwa kwa petroli kidogo, na injini ikishapata moto lilihamia kwenye dizeli, ambayo bei yake ilikuwa nafuu. Mkulima hakuhitaji kuelewa kinachotokea ndani. Alihitaji kuona tu kwamba anatumia fedha kidogo kulima eka ileile.

Trekta hilo la kwanza liliitwa Carioca. Ferruccio alilionyesha hadharani Februari 3, 1948, siku ya Mtakatifu Biagio, msimamizi wa mji wa Cento. Uchaguzi wa siku haukuwa wa bahati. Anayejua sikukuu ya somo wa parokia ilivyo huku Mbinga, watu wanavyotoka kila kitongoji, wakashinda mjini baada ya misa wakiwa na nguo nzuri na fedha kidogo mfukoni, ataona kuwa hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo. Inasimuliwa kuwa siku ya sikukuu hiyo aliondoka na wateja wa matrekta 11.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo wazazi wengi wa vijijini wangelikataa. Shamba la baba yake liliwekwa rehani benki ili apate mkopo, na kwa fedha hiyo akanunua injini za Morris zipatazo 1,000 kwa mkupuo. Mzee Antonio angeweza kupoteza ardhi yote ya ukoo. Nchini Tanzania, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkulima mwenye hati ya haki miliki ya kimila naye anaweza kuitumia kama dhamana, na mabishano ya nyumbani kuhusu kuiweka rehani huwa hayana tofauti na yale yanayoweza kufikiriwa yalikuwepo Renazzo. Tofauti ni kwamba Ferruccio alikopa akiwa tayari ameona watu wakitoa fedha zao kununua alichotengeneza. Hakukopa ili akajaribu.

Injini 1,000 zilimpa kitu kingine ambacho mafundi wengi wa mabaki hukikosa. Fundi anayeokota chuma kimoja kimoja hutengeneza kila mashine tofauti, na ikiharibika hakuna anayejua spea yake itatoka wapi. Mwenye injini 1,000 za aina moja ana kiwanda.

MBIO ZA MAILI ELFU

Mwaka huohuo wa 1948, akiwa na umri wa miaka 32, Ferruccio alijiingiza kwenye mbio. Mille Miglia yalikuwa mashindano makubwa ya magari nchini Italia, umbali wa maili 1,000, yaani takriban kilometa 1,600, kwenye barabara za kawaida kuanzia mji wa Brescia hadi Roma na kurudi. Kwa Afrika Mashariki, yanayolingana nayo kwa sifa ni Safari Rally, ambayo Joginder Singh wa Kenya, fundi aliyekulia gereji, aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Bert Shankland wa Tanzania akayashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Gari la Ferruccio lilikuwa Fiat Topolino, kigari kidogo cha watu wawili ambacho Waitalia walikiita panya. Alikuwa amelivua bodi yake, akaliongezea ukubwa wa injini hadi kufikia sentimita za ujazo 750, na kulifanya jepesi. Lilikwenda vizuri kwa takriban kilometa 1,100. Kisha, huko Fiano karibu na Torino, lilikosa njia na kuingia kwenye ukuta wa mgahawa. Yeye alitoka mzima.

Huo ndio ukawa mwisho wake kama dereva wa mashindano. Baadaye, alipokuwa na kiwanda cha magari na fedha za kutosha, wahandisi wake vijana walimsihi aanzishe timu ya mbio. Alikataa kila mara. Kwa hesabu zake, mbio zilikuwa tundu la fedha lisilo na chini. Mashindano ya Mille Miglia yenyewe yalisimamishwa mwaka 1957, baada ya ajali iliyoua dereva, msaidizi wake na watazamaji kadhaa wakiwemo watoto.

Mshindi wa mwaka ule wa 1948 alikuwa Clemente Biondetti, akiendesha gari la kampuni changa iliyoitwa Ferrari. Jina hilo litarudi.

KIWANDA CHAKUA

Miaka ya 1950 ilikuwa ya neema. Mwaka 1951 kilitoka trekta aina ya L33, ambalo ukiacha injini ya Morris, karibu kila kitu kilitengenezwa kiwandani kwake. Mwaka 1952 serikali ya Italia ilianzisha mikopo nafuu kwa wakulima walionunua zana zilizotengenezwa ndani ya nchi. Wanaomsifu Ferruccio kwa juhudi binafsi peke yake huwa wanairuka sehemu hii, lakini ni vigumu kuona kiwanda chake kingekuaje kwa kasi ile bila mkulima kupata pa kukopa. Katikati ya muongo huo alianza kutumia injini za dizeli zinazopozwa kwa hewa badala ya maji, na akatoa trekta la minyororo kwa ajili ya ardhi ambako magurudumu yanateleza. Mabaki ya vita yalikuwa yamekwisha kazi yake.

Serikali za Afrika nazo zimejaribu njia ya mkopo na zana. Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono, maarufu kama pawatila, yalisambazwa katika wilaya nyingi, na mwaka 2017 yakaanza kuunganishwa matrekta ya URSUS ya Poland huko Kibaha. Italia ilikuwa na faida moja: watu waliotengeneza mashine walikaa jirani na watu walioitumia, na Ferruccio hakuwa mbali na mteja mwenye malalamiko.

Mwaka 1960 aliongeza biashara ya majiko ya mafuta ya kupasha joto nyumba, kisha mitambo ya kupoza hewa. Alikuwa sasa tajiri, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa matrekta nchini kwake, na alianza kununua magari ya kifahari: Alfa Romeo, Mercedes, Jaguar, Maserati. Mwaka 1958 alinunua Ferrari.

Enzo Ferrari alizaliwa mwaka 1898 huko Modena, akaendesha magari ya mbio ya Alfa Romeo, akaacha usukani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1947 akatoa gari la kwanza lenye jina lake. Yeye ndiye dereva wa mbio aliyegeuka mjenzi hasa, na aliuza magari ya barabarani ili apate fedha za mbio. Inasemekana wateja wake hakuwahesabu sana.

Ferrari za Ferruccio zilikuwa na tabia ya kuharibika klachi. Kila mara zilirudishwa Modena kutengenezwa, na tatizo likarudi. Simulizi ya kilichofuata ina matoleo mengi, na wahusika wenyewe waliisimulia kwa namna tofauti kadiri miaka ilivyokwenda. Linalokubalika na wengi ni kwamba mmoja wa mafundi wa kiwanda cha matrekta alilifungua gari, akakuta klachi yake ni ya aina ileile waliyokuwa wakiifunga kwenye trekta, yenye bei ndogo zaidi. Ferruccio akaweka klachi imara zaidi na tatizo likaisha. Alipompelekea Enzo malalamiko hayo, mzee wa Modena hakuona sababu ya kufundishwa magari na mtengeneza matrekta.

Hasira ilikuwepo, bila shaka. Lakini Ferruccio alikuwa pia mfanyabiashara aliyejua gharama ya klachi, na aliona kwa macho yake ni kiasi gani mtu anaweza kutoza kwa klachi ileile ikiwa ndani ya gari zuri.

GARI

Mwaka 1963 alijenga kiwanda kipya cha magari huko Sant'Agata Bolognese, si mbali na kwa Ferrari. Halmashauri ya mji huo, iliyokuwa chini ya wakomunisti, ilimpa masharti nafuu, naye akakubali kuwa wafanyakazi wake watakuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Wakati huo lilionekana sharti dogo.

Aliwakusanya vijana. Injini ya silinda 12 ilisanifiwa na Giotto Bizzarrini, aliyekuwa ametoka Ferrari. Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, wahandisi ambao hawajafikisha miaka 30, walipewa kazi ambazo kwingine wangezisubiri mpaka mvi. Bob Wallace, fundi kutoka New Zealand, alikuwa mjaribu wa magari. Bosi wao aliingia karakanani, akakunja mikono ya shati na kushika spana mwenyewe.

Gari la kwanza lilipelekwa kwenye maonyesho ya Torino Oktoba 1963 likiwa na kasoro moja: injini ilikuwa haienei kwenye nafasi yake. Muda ulikuwa umekwisha. Waliweka matofali mahali pa injini ili gari likae kwa uzito unaostahili, na boneti haikufunguliwa kwa siku zote za maonyesho. Lililofuata, 350 GT, lilikuwa na injini kweli, lakini hadi mwisho wa 1964 yalikuwa yameuzwa 13 tu, na kila moja liliuzwa chini ya gharama ya kulitengeneza ili lishindane na Ferrari kwa bei. Nani alilipia hasara? Trekta.

Mwaka 1966, kwenye maonyesho ya Geneva, walileta Miura. Vijana wale walikuwa wameanza kuichora nje ya saa za kazi, maana bosi alitaka magari ya starehe ya safari ndefu na si kitu kinachofanana na gari la mbio. Injini iliwekwa nyuma ya dereva, imelazwa kwa upana, na bodi ilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone. Yalitengenezwa zaidi ya 700. Jina lilitokana na ukoo wa wafugaji wa mafahali wa Hispania, na fahali huyo ndiye nembo ya kampuni, kwa kuwa Ferruccio alizaliwa chini ya nyota ya ng'ombe.

AGIZO LA BOLIVIA

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, karibu nusu ya matrekta yake yalikuwa yakiuzwa nje ya Italia. Agosti 1971 jeshi lilipindua serikali ya Bolivia, na watawala wapya wakafuta agizo kubwa la matrekta, mengine yakiwa tayari bandarini Genoa yakisubiri meli. Wakala wa Afrika Kusini naye akafuta maagizo yake. Ghafla kiwanda kikawa na matrekta yasiyo na mnunuzi, vipuri vilivyokwisha kulipiwa, na mshahara wa kila mwezi.

Hapo sharti la wafanyakazi likaonekana ukubwa wake. Miaka hiyo vyama vya wafanyakazi vya Italia vilikuwa na nguvu kubwa, migomo ilikuwa ya kawaida, na kupunguza watu hakukuwezekana. Kiwanda kililipa watu wa kutengeneza matrekta ambayo hayakuwa na pa kwenda, huku kiwanda cha magari nacho kikidai fedha.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga aliyekuwa mtu mzima mwaka 1989 hahitaji maelezo marefu. Julai mwaka huo nchi zinazouza na kununua kahawa zilishindwa kuelewana, mgawo wa Shirika la Kahawa la Kimataifa ukasimamishwa, na bei ikaporomoka duniani kote. Mti ulikuwa uleule, buni ileile, mbolea imeshawekwa. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa mbali, katika chumba ambacho mkulima hakuwemo. Na kahawa, kama kiwanda, haifungwi kwa mwezi mmoja kusubiri bei. Kuing'oa ni kupoteza miaka.

Ni kawaida kusema kuwa Bolivia ndiyo iliyomwangusha Lamborghini. Ukweli una matawi zaidi. Mwenye kiwanda aliyeweza kuuza nusu ya mali yake nje bila kuwa na akiba ya kuvumilia mwaka mmoja mbaya alikuwa amejinyoosha kupita shuka lake, na sehemu ya akiba hiyo ilikuwa imekwenda Sant'Agata kwenye magari yanayouzwa kwa hasara. Lakini jambo moja anastahili kusifiwa nalo. Hakungoja mufilisi. Alikiuza kiwanda cha matrekta kwa kampuni ya SAME, wapinzani wake wa Treviglio. Mwaka 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Mswisi Georges-Henri Rossetti kwa dola za Marekani 600,000, na mwaka 1974 akamuuzia René Leimer, Mswisi mwingine, asilimia 49 iliyobaki. Katikati ya mauzo hayo mawili, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta na bei ya petroli ikapaa. Hapakuwa na wakati mbaya zaidi wa kuwa mmiliki wa kiwanda cha magari ya silinda 12.

LA FIORITA

Ferruccio alikuwa na umri wa miaka 58. Alikwenda Panicarola, kando ya Ziwa Trasimeno katikati ya Italia, ambako alikuwa na shamba la takriban hekta 300 aliloliita La Fiorita. Watu wa Mbamba Bay na Liuli wasilifikirie Trasimeno kama ziwa lao. Ni dogo, kilometa za mraba 128 hivi, na kina chake hakizidi sana mita 6, wakati Nyasa inashuka zaidi ya mita 700. Lakini ni ziwa, kuna wavuvi, na miteremko yake inafaa kwa zabibu.

Alipanda mizabibu na kutengeneza mvinyo mwekundu uliopewa jina la Damu ya Miura, kwa Kiitalia Sangue di Miura. Aliyekuwa ametoroka zabibu za baba yake akiwa kijana sasa aliamka asubuhi kuzikagua, akiendesha trekta. Alikuwa na familia mpya, na binti, Patrizia, aliyekuja kuendeleza mvinyo wa shamba hilo. Aliishi hivyo karibu miaka 20, na alifariki Perugia mwaka 1993 baada ya kuugua moyo.

Kampuni ya magari ilifilisika mwaka 1978. Waliokuja kuinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa ndugu wawili wa familia ya Mimran, ambayo utajiri wake ulitokana na sukari ya Senegal. Kwa hiyo jasho la mashamba ya miwa ya Afrika Magharibi lilisaidia kulibakiza hai gari ambalo mwanzoni lilijengwa kwa jasho la wakulima wa bonde la Po. Baadaye ilipita mikononi mwa Chrysler ya Marekani mwaka 1987, kisha wawekezaji wa Indonesia mwaka 1994, na tangu 1998 iko chini ya Audi ya Ujerumani.

Matrekta yalibaki na SAME, ambayo mwaka 1995 ilinunua Deutz-Fahr ya Ujerumani, na hadi leo matrekta yenye jina la Lamborghini yanauzwa kwa wakulima. Kampuni ya magari na ile ya matrekta zina jina moja na wenyewe tofauti. Tonino, yule mtoto aliyezaliwa mwaka 1947, alifungua jumba la makumbusho ya baba yake mwaka 1995, na mwaka 2014 likahamishiwa Funo di Argelato, nje kidogo ya Bologna. Miura imo, na Topolino ya mbio imo. Carioca nayo imo.